Mezani, chini ya mwarobaini au kwa simu: namna tatu za kuwasimamia wahudumu wa ustawi wa jamii

Tuseme umekabidhiwa wahudumu 12 wa kujitolea katika kata tatu za Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma. Kila mmoja ana kaya anazozitembelea: mtoto anayelelewa na bibi, mama anayepigwa, kijana aliyeacha dawa, mzee asiye na mtu. Wewe una pikipiki moja, mafuta yanayoisha katikati ya mwezi, na mkuu wako anadai taarifa kila tarehe 25. Utawasimamiaje ili kazi iende na watu wasikukimbie?

Wengi wetu tunazunguka kwenye njia tatu. Kuna kukaa na mhudumu mmoja mmoja. Kuna kuwakutanisha kwa kikundi, mara nyingi chini ya mti kwenye ua wa ofisi ya kata au zahanati. Na kuna kuwafuatilia kwa simu. Nimezitumia zote, mbili nikaziharibu kabla sijazielewa. Hapa nazilinganisha kwa vipimo vilevile, uchague kwa kutazama hali yako, maana kinachofaa kwa mradi wa jirani mwenye magari mawili huenda wewe kikakuangusha.

Ukaguzi na usimamizi

Kwetu neno usimamizi limebeba harufu ya ukaguzi. Gari linafika, watu wanashuka na makabrasha, rejista zinafunguliwa, kalamu nyekundu inapita, kitabu cha wageni kinasainiwa, gari linaondoka na vumbi lake. Sekta ya afya ilijaribu kulisafisha neno kwa kusema "usimamizi shirikishi", na nia ni njema. Ila sehemu nyingi kilichobadilika ni kichwa cha fomu.

Katika taaluma ya ustawi wa jamii, mgawanyo unaofundishwa sana ni wa Alfred Kadushin, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, aliyeuweka kitabuni mwaka 1976. Alimpa msimamizi kazi tatu: utawala, kufundisha, na kumtegemeza anayesimamiwa. Utawala ni kujua kwamba kazi imefanyika na sheria imefuatwa. Kufundisha ni kumwongezea mhudumu ujuzi kupitia mashauri yake mwenyewe, yaani kesi anazozishika. Kumtegemeza ni kumsaidia abebe aliyoyaona bila kuvunjika. Ukifanya ya kwanza pekee wewe ni mkaguzi, hata kama unatabasamu.

Wala mambo haya hayakuanzia darasani. Mwishoni mwa karne ya 19 mashirika ya hisani ya Uingereza na Marekani yalikuwa yakituma watu wa kujitolea kutembelea nyumba za maskini. Watu hao walichoka, walikosea, wengine wakaacha. Ikabidi awepo mtu wa kulipwa wa kuwafundisha na kuwashikilia. Ukisoma habari hizo ukiwa Mvumi au Kibaigwa unacheka peke yako: karne imepita na mazungumzo ni yaleyale.

Vipimo

Nitazipima njia zote tatu kwa mambo sita. Uwajibikaji: utajua kilichotokea kwenye kaya, au utajua kilichoandikwa tu? Mafunzo: mhudumu anaondoka na kitu ambacho asubuhi hakukijua? Mzigo wa moyo: anapata pa kuutua? Siri: jina la mtoto linabaki linapopaswa kubaki? Njia na gharama: nauli, mafuta, mvua. Na motisha: kuna nini hapo cha kumfanya Jumatatu ijayo aamke aende tena?

Hicho cha mwisho ndicho tunachokipima vibaya zaidi. Ama tunadhani motisha ni posho tu, ama tunapanda jukwaani kuhubiri kwamba kazi hii ni wito. Posho nitaipa sehemu yake huko chini, maana haiwezekani kuikwepa.

Mmoja mmoja, mezani

Ni wewe na mhudumu mmoja, kama saa nzima, majalada yake yako mbele yenu. Nianze na kosa langu.

Mwaka wangu wa kwanza wa kusimamia, alinijia mama mmoja kutoka kijiji cha upande wa mbuga ya Bahi. Sehemu kubwa ya njia alikuwa ameisukuma baiskeli, mbigili zimetoboa tairi la mbele. Nikampa shikamoo, akaitikia, akatoa fomu kutoka kwenye kiroba cha mbolea alichokuwa amekikunja mara nne. Nikazihesabu: kumi na moja, zimejazwa zote, sahihi zipo. "Hongera mama, uko vizuri," nikamwambia, huku nikivuta faili la anayefuata. Hakuinuka. Alikuwa anakwangua tope lililokauka kwenye ukingo wa kandambili kwa ukucha wa dole gumba, taratibu, kama anayemenya karanga. Halafu akasema, "Mwanangu, yule mtoto wa fomu ya saba, mimi usiku silali."

Fomu ya saba nilikuwa nimeipitia kwa sekunde mbili. Ilisema mtoto amepewa rufaa. Haikusema kwamba ni yeye mwenyewe aliyembeba mgongoni hadi zahanati, wala kwamba aliyemuunguza mtoto yule ni mke wa kaka yake huyo mama.

Hapo ndipo njia hii inapozipita nyingine. Kwa mzigo wa moyo na kwa siri, sijaona cha kuishinda, kwa sharti moja tu: uwe na muda wa kumsubiri mtu amalize kukwangua kandambili. Kwa uwajibikaji pia ina nguvu, iwapo utaacha kuuliza "ulienda?" na badala yake useme "nieleze ulivyoingia, nani alikuwepo, ulikalishwa wapi". Mwenye ziara hewa, aliyejaza fomu bila kwenda, anakwama kwenye kigoda alichokalia.

Kwa mafunzo si nzuri kama inavyosifiwa. Mhudumu anajifunza kutoka kwako peke yako, na upofu wako anaurithi. Mimi kwa miaka sikuwa nikiuliza habari za mifugo, na katika kaya ya Kigogo mwenye kauli juu ya ng'ombe mara nyingi ndiye mwenye kauli juu ya ada ya shule na juu ya posa. Wahudumu wangu wote nao hawakuuliza.

Gharama ndiyo inayoiua. Wahudumu 12 kwa saa moja kila mmoja ni saa 12, yaani siku moja na nusu ya kazi kabla hujahesabu njia. Kwa aliye mjini na watu wake wako Chang'ombe, Nkuhungu na Kikuyu, daladala na bodaboda zinatosha. Kwa anayesimamia Kondoa akikaa Dodoma mjini, hizo ni kilomita karibu 160 kwenda, bado hujaingia vijijini. Na kati ya Desemba na Aprili makorongo yanajaa, hata hiyo pikipiki inabaki ng'ambo.

Motisha ya njia hii ni kutambuliwa. Mtu anayefanya kazi peke yake kijijini, wengine wakimwita mbea, anapata saa moja ambayo mtu wa ofisini amefunga simu na anamsikiliza. Nimeona hilo likimshikilia mtu mwaka mzima bila senti. Nimeona pia kinyume chake: msimamizi anayeita mtu mmoja mmoja pale tu anapotaka kumkaripia. Kwake, kuitwa mezani ni adhabu, na wahudumu huanza kuumwa siku hiyo.

Kuna jambo ambalo miongozo hulipita kimyakimya. Msimamizi mwanamume na mhudumu binti wa miaka 22, chumba kimefungwa, na jina la kupendekezwa kwenye mafunzo liko mkononi mwa huyo msimamizi. Toka nje. Kaeni kwenye benchi ambalo watu wanawaona ila hawawasikii. Siri inalindwa na umbali, si lazima komeo.

Njia hii inamfaa mhudumu mpya katika miezi yake mitatu ya kwanza, anayeshika shauri la ukatili, aliyefiwa au mwenye matatizo nyumbani, na yule ambaye takwimu zake ni nzuri mno. Inamkwaza msimamizi aliye peke yake na watu zaidi ya kumi.

Kikundi, chini ya mwarobaini

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo palipo na utamu na hatari.

Wahudumu sita hadi kumi wanakutana mara moja kwa mwezi, saa mbili au tatu. Ukiwaachia tu, kikao kitakuwa cha kusomeana taarifa: kata yangu kaya kumi na nne, changamoto usafiri, asanteni. Mwenye sauti kubwa ataongea nusu ya muda na wengine watasinzia. Kikundi kinahitaji utaratibu, na ulionisaidia ni huu. Mmoja analeta shauri moja lililomshinda. Anasimulia dakika kumi na hakuna anayemkatiza. Kisha dakika kumi ni za maswali tu, ushauri marufuku. Ndipo watu wanatoa mawazo, na mwisho mwenye shauri mwenyewe anasema atafanya nini na lini. Kuzuia ushauri katika dakika zile kumi ni kugumu kuliko kuzuia mbuzi kwenye shamba la uwele, lakini ndipo mafunzo yalipo.

Siku moja dada mmoja alileta shauri la binti wa darasa la sita aliyeacha shule. Ameongea na mwalimu, ameongea na mama, sare imepatikana, binti harudi. Maswali yakaenda kwenye ada, umbali, hedhi. Mzee mmoja wa Chamwino, mhudumu asiyependa kusema, akauliza: "Usiku pale nyumbani analala nani na nani?" Dada akafungua mdomo, akaufunga. Hakujua. Wiki iliyofuata alijua, na shauri lile likawa lingine kabisa, la polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Swali lile mimi nisingeliuliza mezani.

Kwa mafunzo, basi, kikundi kinazizidi njia zote nilizotumia. Kwa uwajibikaji ni wastani: wenzake wanaokaa jirani wanajua kama anaenda au haendi, ila hawatamsema mbele yako, na wakianza kumsema umeshapoteza kikundi. Kwa gharama ni nafuu, safari moja au mbili badala ya kumi na mbili. Panga siku ya mnada wa eneo hilo. Magari yanakwenda siku hiyo, nauli inashuka, na mhudumu anaondoka na chumvi na sabuni yake. Ila kikao kiishe kabla ya saa sita, baadaye hakuna atakayekusikiliza. Msimu wa kulima usiwaite asubuhi. Mwezi Januari mvua ikinyesha usiku, asubuhi yake kila mtu yuko na jembe, na aliyekuja kikaoni anakuja kwa lawama za mumewe.

Kwenye siri, tuambiane ukweli. Utasema "tusitaje majina, tuseme kaya ya saba". Kijijini kaya ya saba ndiyo ile yenye bati jipya na mtoto mlemavu, na kila aliyekaa hapo ameshaitambua kabla sentensi haijaisha. Njia moja ni kuchanganya wahudumu wa kata tofauti, hata kama nauli inapanda kidogo. Nyingine ni kuwa na mashauri yasiyoletwa kikundini hata kidogo.

Mfano wake ni ukeketaji. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015–16 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Maana yake kwenye kikundi cha wanawake wanane, inaelekea wapo waliopitia kisu, na inawezekana mmoja ana shangazi ambaye ni ngariba. Huyo hawezi kusimama chini ya mti akasema nimekuta sherehe inaandaliwa na shangazi yangu yumo. Atanyamaza, na wewe utaandika kwamba kata ile haina tatizo. Shauri la namna hiyo linahitaji benchi la watu wawili.

Kwa mzigo wa moyo kikundi kina sura mbili. Kusikia kwamba mwenzako naye analia akitoka kwenye kaya fulani kunapunguza aibu kuliko maneno yoyote ya mkubwa. Lakini mtendaji akipita kusalimia, akavuta kiti akaketi, kikao kimekwisha. Watu wanarudi kwenye taarifa ya kaya kumi na nne. Jifunze namna ya heshima ya kumsindikiza hadi ofisini kwake.

Motisha ya kikundi ni ushirika wenyewe. Wengi wataanzisha mchango wa kuzungusha, wataleteana mbegu, atakayefiwa watamwendea. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi kadhaa ya watoto na ya VVU ilikatika ghafla. Katika kata moja ninayoifahamu posho ilikoma, fomu zikakoma, msimamizi akahamishwa, na akina mama watano wakaendelea kukutana kwa sababu ya ule mchango, na kwa kuwa wamekutana wakaendelea kuulizana habari za watoto. Sisemi ndivyo itakavyokuwa kila mahali. Kata ya jirani, yenye kikundi kilichokuwa kikikutana kwa ajili ya soda na nauli, hakuna aliyerudi.

Kikundi kinawafaa wahudumu wenye uzoefu wa miezi kadhaa, wanaofanya kazi zinazofanana, na msimamizi anayeweza kunyamaza. Hakimfai mwenye haya nyingi kama ndiyo nafasi yake pekee, wala mahali ambapo wahudumu wawili wana ugomvi wa shamba.

Kwa simu

Njia ya simu hudharauliwa na wazee wa kazi na kushabikiwa na ofisi za mjini. Wote wanazidisha.

Kwanza tutenganishe kupiga simu na kundi la WhatsApp, ni vitu viwili. Wahudumu wengi wa vijijini wana kiswaswadu. Mwenye simu kubwa hana bando baada ya tarehe 10. Ukihamishia usimamizi WhatsApp umeshachagua utawasimamia nani, na mara nyingi ni vijana wa karibu na lami.

Simu ya kawaida ina nafasi yake. Mhudumu anabipu, unampigia wewe. Muda mzuri ni saa moja jioni, moto umeshakokwa na watoto wamekula, au ule atakaokutajia yeye. Dakika kumi na tano zinatosha kwa shauri moja. Vipo vijiji ambako lazima mtu apande jabali apate mtandao, akiwa amesimama na upepo unapiga. Usimuulize mambo ya takwimu pale juu.

Kwa gharama hakuna kinachoikaribia, na masika ndiyo njia pekee inayobaki. Kwa uwajibikaji ni dhaifu: unasikia sauti, huoni daftari. Kwa mafunzo inafaa swali moja la papo hapo, "mama amekataa kwenda hospitali, nifanye nini sasa?", na hilo lina thamani kuliko semina ya siku tatu itakayokuja Septemba. Somo refu haliwezi.

Kwa mzigo wa moyo, imenishangaza. Wapo wasiosema mezani wala kikundini, lakini gizani, bila kuonana uso, wanafunguka. Tatizo ni nani mwingine anasikia. Nyumba ina vyumba viwili, mume yuko pale, simu ina spika ya kelele. Anza kila mara kwa kuuliza, "Uko mahali unapoweza kuongea?" Akijibu "ndiyo, kilimo kinaendelea vizuri", mpigie kesho.

Siri kwenye kundi la WhatsApp ndiyo jeraha kubwa. Nimewahi kuwa kwenye kundi ambamo mhudumu, kwa nia njema kabisa, alituma picha ya mgongo wa mtoto wenye makovu. Sura ilionekana. Kundi lilikuwa na watu 43, akiwemo dereva wa zamani na fundi aliyewahi kutengeneza kompyuta. Aliyefungua kundi aliandika "kazi nzuri" na kidole gumba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haikuandikwa kwa ajili ya benki na kampuni za simu tu. Taarifa za mtoto wa Mpwapwa nazo zimo. Kundi litumike kwa tarehe za vikao, nauli na salamu. "Mbukwenyi wote" asubuhi, sawa. Shauri, hapana.

Motisha ya simu ni kujibiwa haraka. Hakuna kinachomkatisha mhudumu tamaa kama kutuma taarifa ya hatari Jumanne na kupata jibu Ijumaa. Na kinyume chake ni kweli: msimamizi anayepokea simu, hata kwa kusema "nimekusikia, nakupigia saa kumi", na akapiga saa kumi, anaaminika.

Inawafaa wahudumu wenye uzoefu walio mbali, wakati wa mvua, na dharura. Haimfai mgeni wa kazi ambaye hujawahi kumtazama usoni.

Posho, cheti na mengine yanayoitwa motisha

Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walitoa matokeo ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Walisema yanayomkera mtu kazini na yanayompa ari si kitu kimoja kilichogeuzwa. Mshahara na mazingira vikiwa vibaya vinakera. Vikiwa vizuri, kero inaisha tu. Ari inatoka kwenye kazi yenyewe: mafanikio, kutambuliwa, kupewa wajibu, kupanda.

Naikubali nusu. Wahasibu wa Pittsburgh hawakuwa wakidai nauli ya bodaboda. Kwa mhudumu wa kujitolea, nauli si kero ya pembeni, ndiyo inayoamua kama kaya ya mbali itatembelewa. Kwa hiyo kabla ya kujadili njia gani kati ya tatu ina motisha, maliza haya: nauli ilipwe siku ileile, kiasi kijulikane kabla, na kama hakuna pesa, usiahidi. Posho ndogo inayofika kwa wakati inajenga zaidi ya kubwa inayocheleweshwa miezi miwili, na ikichelewa hata usimamizi mzuri wa mezani unageuka kikao cha madai. Koti la mvua, mabuti na viraka vya tairi navyo ni motisha. Vina bei ya kueleweka na havina hotuba.

Cheti na zawadi ya Mei Mosi sina ugomvi navyo, ila tazama anapewa nani. Mhudumu akiona cheti kimekwenda kwa mwenye fomu nyingi wakati yeye amekesha na shauri moja gumu, amejifunza nini kinahesabiwa.

Linalovunja moyo kupita yote sijaliona kwenye orodha za motisha. Mhudumu anaripoti ukatili kama Sheria ya Mtoto ya 2009 inavyomtaka. Mtuhumiwa anakamatwa. Siku ya tatu wanakutana naye kisimani, ametoka, anamsalimia kwa jina. Siku hiyo msimamizi alikuwa wapi? Kama alipiga simu, akaja, akaenda naye hadi kwa mtendaji, akauliza polisi shauri limefikia wapi, mhudumu atabaki. Kama alisema "wewe timiza wajibu wako, mengine ni ya vyombo", atakuja kikaoni mara mbili zaidi, kwa heshima tu.

Na msimamizi mwenyewe? Katika halmashauri ustawi wa jamii umewekwa pamoja na afya na lishe, na mkuu wako mara nyingi ni mganga, mwenye chanjo na dawa kichwani. PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa OPRAS, utapima malengo yako; hautakuuliza kama unalala. Tafuta maafisa wenzako wawili wa wilaya za jirani, mkutane mkija mjini kwa vikao vingine. Chai ya saa moja, shauri moja kila mmoja, kwa utaratibu uleule wa kutokatizana.

Kulingana na hali yako

Timu mpya kabisa, mafunzo yameisha wiki iliyopita: weka nguvu mezani kwa miezi mitatu, hata kama ina maana ya kupunguza kitu kingine, na kikundi kianze mwezi wa pili. Simu iwe ya dharura tu.

Timu ya zamani, watu wanafahamiana, bajeti nyembamba: kikundi ndicho mhimili, na kila mwezi chagua wawili au watatu wa kukaa nao peke yao siku hiyohiyo baada ya kikao. Usichague wenye matatizo tu, la sivyo kubakizwa kutakuwa aibu. Zungusha kwa zamu.

Vijiji vya mbali na masika yameshika: simu kila wiki mbili kwa ratiba inayojulikana, na kabla makorongo hayajajaa, mwezi Novemba, fika mara moja uone sura na madaftari.

Mjini Dodoma, wahudumu wa watoto wa mitaani wanaozunguka Sabasaba na kwenye stendi: watu hawa wanaona mambo mazito kila siku na wako karibu nawe. Kikundi kifupi kila wiki, dakika 45, kinawafaa kuliko kirefu cha mwezi. Meza iwe wazi kwa anayeomba.

Kuna shauri la ukatili wa kingono au la ukeketaji linalomgusa ndugu wa mhudumu: mezani, siku hiyohiyo au kesho yake, hata kama mwezi huu zamu ni ya kikundi. Ikibidi, shauri apewe mwingine, na mhudumu aelezwe kwamba hajanyang'anywa kwa kosa.

Unashuku ziara hewa: usianzie kikundini. Kaa naye, uliza habari za kigoda, kisha mtembelee pamoja kaya mbili ambazo umezichagua wewe.

Na kama wewe ndiye unayesimamiwa, na anayekusimamia anahesabu fomu tu, usimsubiri abadilike. Siku ya kupeleka taarifa mwambie mapema, "Afisa, nina fomu zangu, na nina shauri moja naomba dakika 20." Mimi yule mama wa Bahi alinidai hizo dakika bila kuzitaja, ilibidi akae tu, na nashukuru hakuwa na haraka ya gari.